Marehemu Aliyekaa Nasi Kochini

Kila mwaka, siku ya tuzo za filamu za Ufilipino, nyumba yetu ya International City, hapa Dubai, hupatwa na wazimu. Mfilipino tunayeishi naye, anayesugua miguu ya watu saluni, hakubali mtu aitazame sherehe ile akiwa na kaptula. Lazima gauni. Shuka langu jekundu la Kimasai hutandikwa kutoka jikoni hadi kwenye kochi, nasi hulipita kwa madaha, alasiri ya jua kali, tukiipungia friji mkono.

Safari hii alikuwa na sababu. Kabla ya kuja Dubai aliigiza maiti katika filamu iliyokawia miaka kutoka, na sasa ilikuwa inawania tuzo. Binti yake, aliyemwachia bibi angali ananyonya, alikuwa ameshatangazia darasa zima kwamba mamake ataonekana. Hofu ilikuwa moja tu: wasije wakawa wamemkata kwenye filamu.

Kipande cha filamu kikaonyeshwa. Chumba cha maiti, shuka jeupe, nyayo mbili zimechomoza.

"Mimi huyo!" akapiga yowe.

Sasa, kwetu Kenya maiti hatazamwi watu wamekaa. Mimi na mwenzangu wa kazini, walinzi wawili ndani ya magauni ya kuazima, tukasimama wima. Mwenzangu akaanzisha wimbo wa mazishi, nami nikaitikia. Mazoea yana taabu. Tulipofika kwenye kiitikio picha ilikuwa imeshapita, na marehemu anatukodolea macho, bakuli la tambi mkononi.

"Aki umekufa vizuri," mwenzangu akamwambia. "Hata kidole hakikutikisika!"

Hakucheka. "Uso hawakuuonyesha," alisema. "Mtoto atajuaje ni mimi?"

Niliona aibu kwa ule wimbo. Filamu nayo ikashindwa. Tuzo ikachukuliwa na watu wengine, wakalia na kushukuru hata madereva wao. Mfilipino wetu hakutazama. Alikuwa anakunja shuka langu wakati simu ilipoita.

Ni binti, kwa video. Sikuelewa walichosema kwa lugha yao. Nilimwona tu mama akivua kiatu na kuinua mguu mbele ya simu, gauni limepanda magotini. Kwenye kioo cha simu, mtoto naye akainua wake. Vidole vilikuwa vile vile vya mamake, cha pili kimekilalia kikubwa.

Nikakaa sakafuni, nikalia ndani ya gauni la watu.