Indiketa ya Kushoto, Njia ya Bura

Sina sababu ya kukudanganya, msomaji. Nilijifunza kusoma nikiwa tayari mama wa watoto wanne, kwa hiyo kila neno ninaloandika naujua uzito wake. Haya yalinifika Jumanne ya kwanza baada ya kumaliza eda yangu ya miezi minne na siku kumi.

Nilitoka Garissa baada ya alasiri kuelekea Bura, katika gari dogo la Probox aliloniachia marehemu mume wangu, dereva wa malori. Mjini madereva walikuwa wamenichosha: tuktuk inakata kona bila kuashiria, lori linawasha indiketa tangu sokoni na haligeuki popote. Nyuma alikaa Habiba, muuza maziwa ya ngamia, pamoja na mitungi yake mitupu. Nilipowasha indiketa kulikwepa kundi la mbuzi, alinicheka, akiniita mama kwa Kisomali.

"Hooyo, unamwashia nani? Hapa kuna mbuzi tu."

"Na mbuzi ana haki ya kujua ninakokwenda," nilimjibu.

Baadaye akasinzia, nami nikabaki peke yangu na usukani ambao viganja vya mwingine viliulainisha kwa miaka.

Magharibi ilipokaribia nilikuta lori mbele yangu, likitimua vumbi zito hata sikuona ng'ambo. Desturi ya njia zetu ni hii: dereva wa mbele akiwasha indiketa ya kulia, anakwambia subiri, kuna gari linakuja, akiwasha ya kushoto, pita, njia ni nyeupe. Lori likawasha ya kushoto. Kisha mkono ukatoka dirishani, ukapunga taratibu. Niamini: kidole cha shahada kilikosa ncha, ile ya mume wangu iliyokatwa na feni ya injini mwaka tuliooana.

Ungefanya nini wewe? Nilitaka kitu kimoja tu duniani, nifike ubavuni mwa lile lori nimwone uso. Nikashusha gia, nikatoka kulia, nikaingia vumbini.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba marehemu hakuwahi kumwashia mtu yeyote ya kushoto. Wenzake walimtukana kwa hilo. "Siwezi kumdhamini mtu maisha yake kwa balbu," alikuwa akisema. Nikakanyaga breki, nikarudi nyuma ya lori. Papo hapo basi lisilo na taa likatokea mbele, likapita pale nilipokuwa, karibu lining'oe kioo.

Habiba akazinduka. "Hooyo, ulikuwa unaovateki hewa?"

"Nilikuwa nalipita lori."

"Lori gani?"

"Huoni vumbi lake?"

"Vumbi litoke wapi? Jana mvua ilinyesha hapa."

Nikatazama. Barabara ilikuwa tupu, udongo umelowa, na mbele yetu palikuwa na alama za magurudumu ya basi peke yake.

Sheikh aliniambia majini huweza kuiga umbo la mpendwa, nidumu na Ayatul Kursi. Nadumu nayo. Sipiti lori nisiloona mbele yake kwa macho yangu mwenyewe. Vijana hunipigia honi, hunipita wakicheka. Lakini kila niendapo Bura hulitazama dirisha la kila lori, na sijui nitamweleza nani kwamba bado nautafuta ule mkono.

Wewe utakayesafiri njia ile, ukiwashiwa ya kushoto na mtu unayemjua, mtu uliyemzika, usipite. Kaa nyuma yake, hata kama roho inakuuma kwa hamu ya kumwona.