Pua ya Kuazima

Mimi sipendi uongo. Wajukuu zangu wanalijua hilo, na yupo mmoja ambaye bakora yangu anaikumbuka mpaka leo. Lakini nimedanganya katika nchi nne, na mojawapo sijaikanyaga hata kwa kidole. Wala sijaona haya.

Nilikuwa nikifanya kazi Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, nikimtunza mama yake bosi. Bosi tulimwita baba, ingawa kwa umri ningeweza kumzaa. Mkewe ni madam. Yule bibi tulimwita hajja. Mimi na yeye miaka yetu haikupishana sana, ila magoti yake yalikuwa yamekwisha na yangu bado yananibeba.

Hajja alibakiwa na kazi moja tu katika nyumba ile. Funguo za stoo madam alishazichukua. Jikoni hakanyagi, wasema asije akaanguka. Hata maua anamwagilia dereva. Kazi iliyobaki ni kuchagua udi. Idi ikija, harusi ikija, anawekewa vipande mbele yake, kinachomwa kimoja kimoja, na yeye ndiye anayesema huu ndio, ule tupeni. Ukoo mzima unangoja neno lake.

Basi akaugua mafua, yakamlaza wiki tatu. Baada ya kupona, asubuhi moja niliingia chumbani mwake nikarudi nyuma nimeziba uso kwa ushungi. Yeye amekaa palepale, tasbihi mkononi, ametulia.

"Hajja, husikii? Kuna panya ameoza nyuma ya kabati!"

Akanikamata mkono. "Ukimwambia mtu kwamba sikusikia," akasema, "nitasema panya umemleta wewe kutoka Kenya."

Nilifunga mdomo, na si kwa kumwogopa. Madam anapenda marashi ya chupa, yenye utepe shingoni, na binti mkubwa wa nyumba ile alikuwa anakwenda kuolewa Jeddah. Ikijulikana kwamba hajja hanusi, harusi ingefukizwa anavyotaka madam, na hajja angekuwa kitu cha kusukumwa tu, kutoka chumba hiki hadi kile.

Kumbe baba naye ana mpango wake. Akatangaza kwamba kabla binti hajaondoka, familia nzima itapanda meli ya watalii, izunguke bandari za Asia. "Na udi wa harusi mama atauchagua hukohuko unakotoka!" akasema, amefurahi kama kijana. Hajja akanitazama. Mimi nikatazama zulia.

Sasa niseme kwamba nimezaliwa Mombasa. Udi niliujua kabla sijajua kusoma, na kusoma kwenyewe niliishia darasa la tatu. Mama yangu alikuwa akikanda udi wa sukari wa kuuza, na ukikosea kipimo alikujulisha kwa mwiko. Tukakubaliana na hajja: mimi nasukuma kiti chake, mkono mmoja begani kwake. Nikibana mara moja, mbovu. Nikibana mara mbili, mzuri.

Tukaanzia Singapore, duka lililo karibu na msikiti, mwenyewe anajua Kiarabu. Akachoma kipande. Nikavuta pumzi polepole, kama mtu aliyechoka kusimama. Harufu ya rangi ya mlango! Nikabana mara moja.

Hajja akafumba macho. "Huu umeuchovya mafuta, kijana. Mimi nachagua udi tangu babako hajatahiriwa."

Kijana jasho likamtoka, akaleta sanduku jingine. Huo ulikuwa udi kweli, nikabana mara mbili. Hapo sasa hajja akafunguka. "Mti huu uliota kando ya mto," akasema. "Upande linakotua jua." Baba anamrekodi kwa simu, anatuma kwa ndugu zake wote.

Tulipoingia melini, askari wa mlangoni walikitoa chetezo cha umeme, cha kufukizia udi, kwenye sanduku la hajja wakakiweka kwao mpaka mwisho wa safari. Vyumbani hakuchomwi kitu. Tulipobaki wawili nikamkalia kikao.

"Hajja, mto umetoka wapi? Mimi nimebana tu."

"Wewe toa pua," akasema. "Maneno niachie mimi."

Penang ndiko tulikoharibu. Gurudumu liliingia kwenye ufa wa njia, kiti kikainama, nikamdaka bega. Kikainama tena, nikadaka tena. Na tulikuwa mbele ya duka la kamba waliosagwa wakachachushwa, wamepangwa vipande vyeusi, harufu inakufuata mtaa mzima.

Hajja akafumba macho. "Allah! Huu! Huu ndio wa harusi!"

Binti alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Nikasema haraka, "Hajja anapenda mzaha."

"Miaka yote niliyoolewa," akasema madam, "sijamsikia akifanya mzaha."

Jioni yake akaomba jambo kwa mumewe, kwa adabu kabisa. Bandari ya Vietnam wamjaribu mama, kwa ajili ya afya yake. Na mimi Vietnam sikuwa na viza. "Wewe mafi kushuka, hakuna," madam akaniambia, na kwa mara ya kwanza katika safari ile akanitengenezea chai.

Nikabaki melini nikiwaangalia kutoka juu, baba akisukuma kiti, hajja shingo imesimama. Nikasema basi, leo kazi yake imekwenda.

Sikumjua vizuri. Alasiri walirudi na vipande vitatu vimefungwa kwenye karatasi. Kimoja baba alikinunua kwa mtu anayemwamini. Viwili madam alivipata duka la mapambo. Na hajja alikataa katakata kunusa dukani.

"Pana jasho la watu," aliwaambia. "Nitaamua chumbani kwangu, kabla ya magharibi."

"Chumbani hakuna moto," akasema madam.

"Hilo ni langu."

Wakatoka. Hajja akanigeukia: "Yalla, moto."

Nikaenda kwa binti nikaazima pasi ya nywele, ile ya kubana. Akaniuliza ni nywele za nani. Nikamwambia za bibi yako, akanitazama sana. Nikarudi, nikaiwasha, nikabana kipande cha kwanza mpaka kikatoa uzi wa moshi. Pua juu. Gundi ya viatu. Cha pili nilipokibana nilikumbuka nyumba yetu siku ya Idi. Na hapohapo nikageuka, binti amesimama mlangoni.

Mikono ya hajja ilikuwa imelala mapajani kama ya mtu anayengoja kusomewa kesi.

"Mwanangu," nikaanza.

"Nilijua tangu wale kamba," akasema binti. Akaingia, akaufunga mlango. "Ni kipi?"

"Cha pili."

Akachukua pasi yake, akainusa, akakunja uso. Kisha akatoka hadi kwa mama yake, nikamsikia analalamika kwa sauti ya kudeka: "Bibi amenifukuza! Anasema nanuka vitunguu!"

Na vitunguu walikuwa wamekula pamoja, yeye na mama yake, mchana ule.

Madam alipokuja kusikiliza hukumu alisimama mbali kidogo, mkono mdomoni. Hajja akanyoosha kidole kwenye kipande cha pili, kile alichokinunua baba. Baba akapiga makofi. "Halas," akasema madam, na mambo ya kupimwa yakaishia hapo.

Harusi ilikuwa Jeddah. Makaa nilikwenda kuyanunua mwenyewe mtaa wa Kandara, maana ya ukumbini yalinuka mafuta ya taa. Hajja akawekwa katikati, chetezo mbele yake, wanawake wanakuja mmoja mmoja kuinamisha vichwa, kufukiza nywele, kumbusu mkono. Katikati ya watu wote hao akanivuta sikio.

"Ya ukhti, dada yangu. Unanukiaje?"

Hakuwahi kuniuliza hata siku moja. Na sijapata kunusa udi kama ule, si kwa mama yangu, si popote.

"Panya," nikamwambia.

Alicheka mpaka nikakidaka chetezo asije akaunguza harusi yenyewe. Madam akaja mbio akidhani amepatwa na kitu. Hajja akampungia mkono aondoke, akajifuta machozi, akamgeukia mgeni aliyefuata. Akafumba macho, akaanza tena habari za mto.