Mzee Aliyeuma Spana

Watu wa Same walimcheka Mzee Zefania kwa sababu aliuma spana. Mimi nilicheka pamoja nao, tena kwa sauti, kwa hiyo msidhani nasimulia haya kama mtu mwema. Nilikuwa na pikapu, nikibeba mizigo kati ya Lembeni na Maore, na aliyenilipa ndiye aliyekuwa na haki siku hiyo.

Zefania alipiga chapa miaka ishirini na miwili katika kiwanda kimoja cha serikali, mpaka wafanyakazi walipopunguzwa naye akarudishwa nyumbani na masikio yaliyokufa kwa kelele za mitambo. Kuongea naye ilibidi upaze sauti kama unaita ng'ombe. Lakini mashine aliisikia kuliko sisi wenye masikio. Aligusisha kichwa cha spana kwenye chuma, akauma mpini, akafumba macho, na chochote kilicholegea ndani kilimfikia kupitia meno.

Zilikuwa zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Mitumba, redio, soda za kopo na vyama vya siasa vilikuja kwa mpigo, na kila aliyevileta alitaka karatasi: mabango, risiti, kadi za harusi. Doris, mwalimu aliyeacha chaki, akaona riziki hapo. Akauza shamba la kahawa la mama yake kule Ugweno, mama mwenyewe akiwa hai na analia, ili anunue mashine ya kuchapia ya ofseti iliyotumika. Mashine ilikuwa ya Kurwa, kwenye ghala pale Lembeni karibu na reli. Huyo Kurwa alikuja kutoka Shinyanga kukata mkonge, akaoa huku, akazijua mila zetu kuliko sisi wenyewe.

Doris akamwomba Zefania aikague. Akamwahidi kwamba ikionekana nzima, yeye ndiye atakuwa fundi wake. Niliwachukua alfajiri, na mzee alikuwa amevaa ovaroli lake la kiwandani, limefuliwa na kupigwa pasi.

Alikagua mpaka jua likapita utosini. Alibonyeza rola za mpira kwa ukucha, zikabonyea vizuri. Alipapasa silinda kwa kiganja, hazikuwa na kidonda. Alipitisha karatasi moja mara mbili, mistari ikalaliana sawasawa. Doris akaanza kutabasamu. Hakuna aliyekumbuka kumpa mzee hata maji.

Ndipo akatoa spana. Akauma hapa, akauma pale, na kwenye ubavu wa kushoto, chini kabisa, akakaa muda mrefu. Aliponyanyuka alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa.

"Mwanangu, usinunue. Huu ubavu umepasuka, ukazibwa, ukapakwa rangi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

"Baba, mbona karatasi zinatoka safi?" Doris akapaza sauti.

"Zitatoka safi mpaka siku itakapopasuka."

Kurwa akawageukia wapakiaji. "Jamani, kiziwi anasikia ufa! Kesho ataletwa kipofu akague rangi!"

Ghala zima likaangua kicheko. Doris aliitazama kadi ya harusi waliyoichapa kwa majaribio, nyekundu na dhahabu, akamtazama mzee mwenye alama ya grisi mdomoni, akaona haya kuwa naye. Akalipa.

Kwetu, kitu kikubwa kikiuzwa, malipo yakishapita, dengelua huzungushwa, pombe yetu ya miwa. Anayekunywa amesema kwa kinywa chake kwamba mauzo ni halali. Mwenye shaka hanywi. Kurwa alimpelekea Zefania kikombe cha kwanza, kwa mikono miwili, na heshima zote. Mzee akakitazama. Nikamwona akimeza mate. Kisha akakinywa chote.

Mwezi wa tano tangu siku hiyo, katikati ya mabango ya mgombea fulani, ubavu ule ulipasuka pale pale alipouma. Silinda zikasagana, na mashine ikawa chuma chakavu. Sisi Wapare, watani wetu husema, tutauza ng'ombe tushinde kesi ya kuku, na safari hii ng'ombe mwenyewe ndiye aliyepotea. Doris akampeleka Kurwa baraza la kata.

Kurwa alijibu kwa upole. "Wazee wangu, mimi si fundi. Fundi alikuja naye mwenyewe. Muulizeni kama alikunywa."

Mwenyekiti akampigia Zefania kelele sikioni: "Ulikunywa?"

"Nilikunywa. Lakini nilimkataza huyu binti."

"Uliyemkataza, ulinywea nini?"

"Nilikuwa na kiu. Tangu alfajiri sikupewa maji."

Wazee wa baraza walicheka mpaka mmoja akatoa leso. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Nilisikia kwa masikio yangu akimkataza, na neno langu moja lingetosha. Lakini Kurwa alikuwa ananipa mizigo kila wiki. Nikatazama viatu vyangu.

Doris akashindwa. Pale mlangoni akamshika mzee ovaroli, akamwambia kwa sauti ambayo hata kiziwi yule aliisikia: "Ulikunywa shamba la mama yangu." Tangu siku hiyo hakuna aliyempelekea Zefania hata cherehani. Watoto wakimwona walijitia vijiko mdomoni. Akawa anachoma mkaa.

Mwaka mmoja baadaye, nani alisimamisha pikapu yangu mbele ya nyumba yake? Kurwa. Kulikuwa na mashine ya kusindika mkonge inauzwa kwenye shamba la mkonge lililofungwa, upande wa Maore, naye aliitaka.

"Mzee, twende ukaniumie spana," akapaza sauti. "Mimi nilijua siku ile ulisema kweli."

"Utalisema hilo barazani?"

Kurwa akacheka. "Ile ilikuwa biashara, Mzee."

Zefania akaingia ndani, akatoka na spana. Sikuamini. Nilimdharau kwa njaa yake, mimi niliyenyamaza barazani kwa njaa hiyo hiyo.

Kule shambani alikagua kama zamani. Alipouma chini ya silinda ya kati nikaona shingo yake ikikakamaa, kwa namna ile ile ya Lembeni. Akakaa muda mrefu. Kisha akajifuta mdomo.

"Nzima," akasema. "Chukua."

Kurwa alilipa palepale, pesa ya nyumba aliyoiuza mjini. Msimamizi wa shamba, mzee wa kwetu, akaleta dengelua, akaanza na fundi, kwa mikono miwili. Zefania alikuwa amesimama juani tangu asubuhi, midomo imepasuka.

"Nashukuru," akasema. "Leo sina kiu."

Kurwa akageuka. Akakitazama kikombe, akamtazama mzee, akaigeukia mashine aliyokwisha kuilipia.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Lakini mzee hakuwa na furaha. Miaka yote ile hakuwahi kusema uongo juu ya mashine, hata kwa kazi aliyoililia. Aliiweka spana yake juu ya ule mtambo, taratibu, akaja akapanda pikapu.

"Umeisahau spana, Mzee," nikapaza sauti.

"Haitaniamini tena," akasema. "Endesha."