Risasi Zisizohesabiwa

Nyumbani kwa baba mdogo, kijijini Nyamahanga, risasi hazihesabiwi. Zinashindiliwa, zinafutwa vumbi, zinawekwa kwenye bakuli, lakini hakuna anayetamka ni ngapi. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa ndivyo ilivyo. Jibu la namna hiyo sijawahi kulimeza. Hata Bugarama nilikozaliwa, ukimuuliza bibi ana wajukuu wangapi atakwambia "wapo", maana kuhesabu watoto ni kukionyesha kifo njia. Nikiwa na miaka saba niliwahesabu wote kwa kidole mbele ya wageni. Nikachapwa. Hakuna aliyekufa, na hakuna aliyeniomba radhi.

Baba mdogo alikuwa askari wa wanyamapori mpaka alipostaafu. Sasa ana bunduki yake mwenyewe, nzito, yenye karatasi zote, na kila msimu hukata leseni ya nyati mmoja. Risasi za bunduki ile ni adimu, kwa hiyo hutunza maganda yaliyokwisha kupigwa na kuyajaza upya kwa kibali: fataki mpya ya kuwashia baruti kitakoni, baruti ndani, kisha kichwa cha risasi kinene kama kidole changu cha mwisho kinakandamizwa mdomoni kwa mashine ya mkono. Ni kazi ya subira. Nilipenda kumtazama akiifanya, sikatai.

Mwaka jana nilikuwa nimemaliza chuo, fizikia, nasubiri ajira ya ualimu ambayo hadi leo naisubiri. Siku moja kabla ya safari yake ya mawindo, yeye alikaa barazani na vifaa vyake, mimi kando nachambua maharage. Alikuwa ameanza kutia baruti kwenye maganda aliyoyasimamisha juu ya ubao. Hapo, jirani mmoja, mzee wa rika lake, akabisha hodi.

Kwa baba mdogo mgeni hapokelewi umekaa. Akaweka chini kijiko cha baruti, akasimama, wakashikana mikono. Habari za mihogo, habari za mvua, habari za ng'ombe wa mtu fulani aliyezaa mapacha. Mama mdogo akaleta uji. Ukanywewa mpaka ukaisha. Kisha baba mdogo akarudi kwenye ubao, akatia baruti ganda moja, la pili, akavuta mashine, akaanza kukandamiza vichwa. Yote. Mpaka la mwisho.

"Baba mdogo," nikasema, "mgeni alipobisha hodi ulikuwa umefika ganda la ngapi?"

"Nilikuwa nimefika nilipofika."

"Una hakika hukuruka moja?"

"Ajira hujapata, umeanza kunikagua mimi?"

Jirani akacheka. "Mjibu Profesa, bwana. Asije akakufelisha."

Sikucheka. Ganda lisilo na baruti siyo kwamba halifanyi kitu. Fataki peke yake inatosha kukisukuma kichwa mpaka kikwame katikati ya mtutu. Mtu asiyejua akifyatua ya pili, mtutu unapasuka kando ya shavu lake, na nyati bado amesimama mbele yake. Nilimweleza hivyo, polepole, kwa heshima zote.

"Nimeshindilia risasi tangu hujazaliwa," akasema.

"Na tangu sijazaliwa wageni wanabisha hodi."

Nikachukua mizani yake ndogo, ile aliyoiacha ikae na vumbi kwa sababu anaamini kijiko chake, nikaifuta kwa kanga. Nikaweka risasi ya kwanza, na upande wa pili mawe ya mizani mpaka sahani zikalingana.

"Moja," nikasema kwa sauti.

"We mtoto, nyamaza!" Mama mdogo alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Kesho mwenzio anaingia porini, wewe unamhesabia?"

"Mbili."

"Mwambie anyamaze!"

Baba mdogo alinitazama kama anavyomtazama mbwa wa mtu mwingine aliyeingia uani. Niliendelea. Tatu. Nne. Tofauti kati ya moja na nyingine zilikuwa ndogo mno. Tano. Sita. Ya saba, sahani ikapanda juu ikabaki huko.

"Umeona?" mama mdogo akasema. "Umeihesabu, imekuwa tupu."

"Basi niihesabu tena ijae."

Jirani alianza kucheka, akaacha. Baba mdogo aliichukua ile risasi, akaing'oa kichwa kwa mashine, akaligeuza ganda juu ya kiganja chake. Hakikudondoka kitu, hata punje. Kiganja kilibaki wazi muda mrefu.

"Endelea," akasema.

Zilikuwa tisa. Nane aliondoka nazo alfajiri. Siku ya tatu alirudi na nyama, mzima, na jioni hiyohiyo akawasimulia watu kwamba mimi nilimharibia risasi moja kwa mdomo wangu. Kisimani wanawake waliniuliza kama ni kweli. Niliwaambia ndiyo, nimehesabu, na nitahesabu tena.

Msimu huu nimerudi kuhesabu. Yeye bado hahesabu. Ila sasa ganda likishatiwa baruti halirudi tena pale lilipokuwa. Analihamishia ubao wa pili, na mgeni akibisha hodi anaambiwa asubiri kidogo. Nilimuuliza ubao wa pili ni wa nini. Akasema ubao wa kwanza una nyufa. Hauna, nimeukagua.

Nami navuta kigoda, nakaa mbele yake, nahesabu kwa sauti inayofika jikoni. Kila nikitaja namba anakohoa ili asiisikie. Akohoe tu.