Takhta Iliyopinduliwa: Wakili wa Dhanukhi na Habari za Mto

Saa moja asubuhi, jua likiwa bado halijapanda paa la mahakama, Wakili Kirtinath Thakur anainama mbele ya takhta yake na kuitazama vizuri. Anatazama kama miguu ya takhta iko chini. Akisharidhika anafungua kufuli, anautoa mnyororo unaoifunga kwenye nguzo, anapangusa vumbi kwa ncha ya koti lake jeusi, ndipo anaketi.

Takhta ni kitanda kipana cha mbao, hakina godoro wala mto. Katika ua wa mahakama ya Dhanukhi, mji mdogo wa kaskazini mwa Bihar, India, kila wakili ana takhta yake. Ndiyo ofisi, ndiyo meza ya kulia chakula, na joto likizidi mchana ndiyo mahali pa kujinyoosha.

"Zamani nilikuwa naketi tu," anasema. "Sasa naiangalia kwanza, kama mtu anayekung'uta kiatu kabla hajakivaa."

Ghuran Sah, muuza chai wa langoni, anamletea chai ndani ya kikombe cha udongo. Gazeti tayari liko magotini. Watu wanaanza kusogea: makarani, wateja wanaosubiri kesi zao, waendesha riksha, na mzee mmoja ambaye kesi yake iliisha zamani lakini hakuacha kuja.

Hivyo ndivyo mji huu unavyopata habari zake. Wakili Thakur anasoma kichwa cha habari kwa sauti, anapiga funda la chai, halafu anasema analofikiri. Bei ya vitunguu, timu ya kriketi, waziri aliyehama chama, daktari wa hospitali ya mji aliyeonekana harusini siku ya zamu. Hakuna anayemlipa kwa hilo. Mkate wake unatoka kwenye viapo na magomvi ya mashamba, rupia mia sita siku ikiwa njema, na nyingine anarudi nyumbani na gazeti tu.

Tena anakosea sana. Katika uchaguzi, mtu akitajwa naye kuwa atashinda, Ghuran humpa pole mtu huyo mapema. "Wakili wetu ni kama saa iliyokufa," anasema Ghuran, na wakili mwenyewe yuko pale pale anamsikia. "Tofauti ni kwamba saa iliyokufa haina ubishi."

Wakili anacheka. Lakini macho yake yanakwenda langoni, ambako pikipiki imepunguza mwendo. Anangoja ipite. Inapita. Anageuza ukurasa.

Hofu hii ilianzia kwenye habari ndogo, ile inayobanwa chini ya tangazo la saruji. Gazeti liliandika kwamba tuta la kuzuia mafuriko ya mto Jhimri limekamilika kutengenezwa na wananchi wa bondeni walale usingizi mnono. Wakili Thakur aliisoma, akanywa chai yake, akatoa maoni kama anavyotoa kuhusu vitunguu.

Alisema alipita juu ya tuta lile akienda kwa wakwe zake. Aliichoma mifuko iliyolijenga kwa ncha ya mwavuli, na kilichotoka hakikuwa udongo wa mfinyanzi. Kilikuwa mchanga wa mtoni, ukamwagika kama unga. Tuta hilo, alisema, likiumaliza mwezi wa Saun, mwezi wa mvua kubwa, yeye atanyoa masharubu.

Watu walicheka, maana masharubu yale yanajulikana. Mmoja wao alikuwa ameinua simu, anarekodi. Kufika jioni, mji mzima ulikuwa umeyasikia maneno yale, na mwenye zabuni ya tuta naye akayasikia.

Vijana wawili walikuja keshoye, mchana kweupe, watu wakiona. Hawakuvua kofia zao za pikipiki. Walimsalimia kwa adabu, wakamuulizia hali ya mke wake na binti yake Nutan aliyeolewa mji wa Ranchi, na mtaa anaokaa huko wakautaja. Kisha mmoja akakigusa kikombe chake cha chai kwa kidole.

"Bwana Wakili, wewe ongea habari za Delhi," alisema. "Huko ni mbali. Mtukane unayemtaka. Za hapa mtoni tuachie sisi."

Wakili Thakur anakumbuka kwamba kidole kile kilikuwa kisafi, kimekatwa kucha vizuri.

Basi akaongea habari za Delhi. Wiki nzima alisoma za mbali tu: bajeti, ziara za wakubwa, meli iliyokwama bandarini huko ambako hakuna mtu wa Dhanukhi amewahi kufika. Alitukana serikali kuu kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na hakuna pikipiki iliyosimama. Ukurasa wa habari za wilaya aliukunja na kuukalia.

Wasikilizaji hawakuwa wajinga. Walikuja, wakasikia, wakaondoka mapema. Ghuran alimuuliza siku moja, huku akimimina chai bila kumtazama, kama mto Jhimri siku hizi umehamia nchi gani, mbona hausomwi tena.

Aliyemvunja kimya alikuwa Batasia Devi, mjane anayekaa chini kabisa ya tuta na mbuzi wake. Alitembea kwa miguu mpaka mahakamani, akaketi chini karibu na takhta, akafungua fundo la sari na kutoa pera moja.

"Mwanangu, mimi sijui kusoma," alisema. "Nimekuja uniambie. Nihame au nisihame?"

Ua ulikuwa umejaa. Wakili Thakur alimwambia bibi yule kwamba yeye ni wakili wa mashamba, si mhandisi. Bibi akasema analijua hilo. Wakili akamwambia kwamba hata uchaguzi huwa anakosea. Bibi akasema hilo nalo analijua, kila mtu analijua. Akabaki ameketi, pera mkononi, anangoja.

"Ningekuwa mimi," wakili alisema mwishowe, kwa sauti ndogo, "ningehamisha mbuzi kwanza. Halafu na mimi mwenyewe."

Batasia Devi aliacha lile pera juu ya takhta, akaenda zake. Siku ya pili yake watu wa bondeni walionekana wakipandisha mifugo na magodoro kwenye uwanja wa shule. Siku iliyofuata ilikuwa Jumatatu.

Hapa lazima ijulikane desturi moja ya ua huu. Wakili akifariki, kabla ya jambo lolote, takhta yake hupinduliwa miguu juu. Anayefika wa kwanza akiiona hivyo hana haja ya kuuliza. Kazi husimama siku hiyo, mawakili hukusanyika kwa dakika mbili za kimya, na hakimu huahirisha kesi. Takhta hukaa hivyo mpaka matanga yaishe, kisha mrithi wa marehemu huja kuigeuza. Mtu mwingine haigusi.

Jumatatu ile Wakili Thakur alichelewa. Gesi ya kupikia ilikuwa imeisha nyumbani, akaenda kupanga foleni dukani. Mawakili wenzake walipoingia uani waliikuta takhta yake miguu juu. Simu yake ilikuwa imezimwa, kama anavyofanya siku zote ili asimalize chaji. Hakuna aliyeshangaa sana. Umri wake ni wa sukari na shinikizo la damu, na wiki ile alikuwa amekonda.

Mwenyekiti wa chama chao akatangaza msiba. Ghuran akazima jiko la chai. Mtu akatumwa kununua shada la maua ya manjano, mwingine akakimbilia nyumbani kwa marehemu, ambako Sunaina, mke wake, alikuwa anachambua dengu.

Marehemu mwenyewe aliingia uani akisukuma baiskeli yenye mtungi wa gesi. Akawaona wote wamesimama, vichwa chini. Mtu mwenye adabu hapiti katikati ya kimya cha msiba. Akaegemeza baiskeli, akasimama nyuma, akainamisha kichwa na yeye.

Baadaye kidogo akamgusa karani wake, Bilat Paswan.

"Nani kafa?"

Bilat aligeuka. "Wewe, bwana," alisema.

Vicheko vilivyofuata, wanasema walioshuhudia, vilikuwa vya watu waliotishika. Mwenyekiti alikuwa na shada mkononi hajui aliweke wapi. Wengine walimpapasa mabega. Mzee wa kesi iliyoisha alilia. Ghuran alimwambia kwamba hata kufa kwake amekosea, na hilo likawachekesha zaidi.

Kisha wakatazama takhta, na vicheko vikakatika.

Maana wale vijana wa pikipiki si watu wa mahakamani. Hawajui desturi ya mbao hizi. Aliyeipindua anaijua. Anajua pia ufunguo wa akiba wa mnyororo unatundikwa wapi, kwenye kibanda cha makarani, nyuma ya kalenda.

"Hapo ndipo nilipoogopa kweli," anasema Wakili Thakur, na anashusha sauti ingawa waliomzunguka ni marafiki. "Kutishwa na mgeni ni jambo moja. Huyu ni mtu wetu. Huenda asubuhi hii kanisalimia. Huenda yuko hapa, ananisikiliza nikisema haya."

Mmoja anatazama viatu vyake, mwingine anapuliza chai ambayo imeshapoa. Mtu anaweza kukaa uani hapa siku nzima akizitazama nyuso, asijue. Wakili naye huzitazama kila siku. Zamani alipenda kikundi kikiwa kikubwa. Sasa kila sura mpya anaiuliza jina na kijiji.

Jumatatu ile takhta ilibaki kama ilivyo. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Bilat alikataa. Mwenyekiti alisema jambo hili halijawahi kutokea, akashauri waulize kwa pandit, kuhani wa hekaluni. Wakili mwenyewe aliinyoshea mkono akaurudisha. Mtu hawezi kugeuza takhta ya msiba wake mwenyewe.

Sunaina alifika akiwa peku, mtandio wa kichwani umeanguka mabegani. Maisha yake yote ya ndoa hakuwahi kukanyaga ua wa mahakama. Aliyetumwa kumpa habari alikuwa amempa, akaanza kuomboleza naye, ndipo simu nyingine ikaja kusema ni makosa. Hakuamini simu. Alikuja kuona kwa macho.

Alimwona. Hakumkimbilia. Alimtazama kuanzia miguu mpaka masharubu, kisha akaitazama ile mbao.

Akaambiwa desturi, kwamba ni mrithi tu anayeigeuza. Mwenyekiti alimweleza kwa upole, akimwita shemeji. Sunaina alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, asubuhi hii nimekuwa mjane kutoka nyumbani mpaka hapa," alisema. "Inatosha. Sogeeni."

Akaishika upande mmoja, akaiinua, ikaanguka kwa miguu yake kwa kishindo ambacho hakimu alikisikia ndani. Akaipangusa kwa mtandio. Akamwambia mumewe: "Baba Nutan, keti." Akaketi.

Taarifa ilipelekwa polisi. Ofisa aliyeipokea aliuliza kilichoibwa ni nini. Hakuna. Nani kapigwa? Hakuna. Mbao imepinduliwa tu? Ndiyo, mbao imepinduliwa tu. Wakili Thakur, aliyewaandikia wengine malalamiko maisha yake yote, anakiri kwamba lake lilisomeka vibaya.

Nutan anapiga simu kila jioni kutoka Ranchi akimtaka baba aende kukaa huko. Mumewe amehamisha familia mtaa mwingine kimya kimya. Nyumbani Sunaina ameanza kutofautisha milio ya pikipiki: ya muuza maziwa, ya mwalimu wa jirani, na ile asiyoijua. Akisikia asiyoijua, mkono wake unasimama juu ya unga mpaka ipite.

Sunaina anaulizwa kwa nini basi hamkatazi mumewe.

"Wiki ile aliyosoma ya Delhi tu, alikuwa anarudi nyumbani hali chakula," anasema. "Nilikuwa namwogopea nje, nikaanza kumwogopea ndani. Sasa namwogopea nje tu. Ni nafuu."

Mvua za Saun zimeshafika milimani upande wa Nepal. Maji ya Jhimri yamebadilika rangi, yanashuka na magogo. Baadhi ya watu wa bondeni bado wako uwanja wa shule, na wengine wamerudi nyumbani, wakisema Wakili hajawahi kupatia. Batasia Devi hajarudi. Mbuzi wake wanakula majani ya ua wa mwalimu mkuu, na ugomvi wao umeshafika kwenye takhta.

Asubuhi hii Wakili Thakur anamaliza bajeti, anamaliza kriketi. Anafikia ukurasa wa wilaya, anaunyoosha juu ya magoti. Watu wanaona. Hakuna anayetania. Ghuran anasimama na birika.

Anasoma: maji yamepanda tena, wataalamu wanasema tuta ni imara. Anakunja gazeti. Analitazama lile duara la nyuso, mmoja mmoja, kama mtu anayeaga.

"Mimi bado nasema ni mchanga," anasema.

Baadaye, watu wakiwa wameingia kwenye kesi zao, anaulizwa ana matumaini gani. Anaupitisha mnyororo kati ya vidole. Anasema ameshanunua wembe mpya, uko nyumbani kwenye dirisha, na Sunaina ameshauona.

"Umri wangu wote nimeomba japo mara moja nipatie," anasema. "Sasa kila asubuhi namwomba Mungu nikosee. Saun iishe, tuta liwe limesimama, ninyoe masharubu hapa mbele ya wote, nao wacheke. Hata yule aliyeipindua naye acheke."

Langoni pikipiki inazimwa. Wakili Thakur anasita, anasikiliza. Kisha, bila kuinuka, anaweka kiganja juu ya mbao na kukikandamiza, kama mtu anayeshikilia mlango.