Darasa la Kukunja Mashuka

Watu wakiniuliza nani alinifundisha mpaka nikaingia chuo cha udaktari, huwa nawatajia dobi wa hospitali. Wengine hucheka wakidhani nafanya mzaha. Nawaacha wacheke, sina muda wa kumbembeleza mtu aniamini.

Walimu wa kweli nilikuwa nao, siwanyimi haki yao. Daktari mmoja wa watoto, mtu wa maneno machache, alianzisha darasa la maandalizi kwa vijana wa nyumba kama yetu, tuliofaulu sekondari bila maabara na bila mtu wa kutuambia mtihani wa kuingia udaktari unafananaje. Darasa lilikuwa la miezi sita, bila malipo. Tulisoma baiolojia, kemia, na namna ya kukaa mbele ya jopo la usaili. Hospitali ilitupa chumba kimoja tu, nacho kilikuwa cha dobi.

Kulikuwa na meza ndefu ya mbao, pasi mbili nzito, na ukuta uliotoka jasho mwaka mzima kwa sababu nyuma yake ndiko mashine za kufulia zilikokuwa zikinguruma. Saa nane kamili mchana, hata kama mwalimu yuko katikati ya sentensi, mlango ulifunguka, likaingia toroli kwanza, kisha dobi mwenyewe, tuliyemwita Mama Mashuka.

"Ondoeni madaftari yenu," alituambia siku ya kwanza. "Wagonjwa hawatalala juu ya kemia."

Alikuwa mfupi, mwenye mikono ya kazi na ulimi usio na breki. Tulimwomba tuendelee kusoma pembeni. Akasema anayetaka kubaki akunje. Shuka la hospitali ni pana, mtu mmoja hawezi kulikunja likanyooka. Mnashika pembe mbili mbili, mnarudi nyuma mpaka linakaza, halafu mnasogeleana pembe zikutane. Basi ndivyo tulivyosoma kila mchana. Mimi nilisimama huku, yeye kule, na karatasi ya maswali ya mwalimu ameibandika ukutani nyuma yangu, akiisoma polepole kwa sababu shule yake iliishia darasa la saba. Majibu hakuyajua, lakini mtu akibabaisha alimjua mara moja.

"Hapo umenidanganya," alikuwa akisema. "Rudia."

Shida yangu mimi ilikuwa macho. Bibi aliyenilea alinifunza kwamba mkubwa akizungumza nawe, unatazama chini. Nyumbani hiyo ni adabu. Mbele ya jopo la usaili, mwaka uliotangulia, iliandikwa kuwa sijiamini, nikaachwa. Darasa lilinipokea hata hivyo, lakini sheria ya chuo ilikuwa wazi kwamba hakuna usaili wa mara ya tatu. Mjomba alishaniwekea nafasi ya kuuza vipuri dukani kwake, na kila Jumapili alinikumbusha kwa upole ulionichoma kuliko matusi.

"Kuna nini kwenye miguu yangu?" Mama Mashuka aliniuliza siku moja. "Umeitazama toka Jumatatu."

"Hakuna kitu, Mama."

"Basi nitazame usoni. Shuka halikunjwi na mtu anayetafuta sindano. Heshima yako nimeshaiona, inatosha."

Nilijitahidi. Shuka likikaza nilimtazama, na likilegea macho yangu yalirudi sakafuni yenyewe.

Mashuka machafu hakuturuhusu kuyagusa, ila alituacha tusimame mlangoni akiyachambua, glavu mkononi. Kila shuka lilishuka na namba ya kitanda. Hilo lilikuwa sharti alilowawekea manesi miaka mingi iliyopita, nao walilitii kwa kuuogopa ulimi wake. Siku moja alikunjua shuka, akalisogeza kwenye mwanga.

"Kitanda cha tisa, wodi ya mifupa," akasema. "Siku ya tatu hii doa liko palepale, usawa wa kiuno. Huyu mtu hajageuzwa."

Alivua glavu, akanawa, akapanda ngazi. Aliporudi alikuwa anahema.

"Wamemgeuza. Ngozi ilikuwa imeanza kubabuka."

Nilimuuliza nani alimfundisha kusoma mashuka. Akaniambia kwamba alifika hospitalini hapo akiwa na miaka kumi na tisa, kumuuguza dada yake aliyevunjika nyonga. Alikuwa akimfulia mashuka mwenyewe na doa aliliona, ila hakujua maana yake. Dada hakufa kwa mfupa, alikufa kwa vidonda vya mgongoni. Msimamizi wa ufuaji wa wakati huo alimwonea huruma, akampa kazi.

"Tangu hapo sijalipita doa," akasema. "Haya, shika pembe."

Fomu ya maombi ya chuo ilikuwa na swali: eleza uzoefu wako wa mazingira ya hospitali. Nilijua watoto wa madaktari wangejaza ukurasa mzima. Mimi, miezi sita nimenuka sabuni ya hospitali mpaka kwenye nywele, nikaandika neno moja, "Sina." Ujinga huo ulikuwa wangu mwenyewe, sikuuazima kwa mtu.

Siku ya usaili walikaa watatu. Aliyekaa katikati, mama wa makamo mwenye miwani, aliligonga neno langu kwa kalamu.

"Hujawahi kukanyaga hospitali, binti?"

Nilikuwa nimeshainamisha kichwa. Niliviona viatu vyangu vya kuazima, nikaliona na duka la mjomba. Nikasema, "Nimekanyaga. Nakunja mashuka." Na mikono yangu ikainuka yenyewe, vidole vimebana kana kwamba vimeshika pembe mbili. Shuka likikazwa lazima umtazame mwenzako, kwa hiyo nikamtazama yule mama. Nikamweleza habari za kitanda cha tisa, doa, ngazi, na yule dada wa miaka mingi iliyopita. Sikushusha macho mpaka nilipomaliza. Yule mama alivua miwani, akaandika kitu, akaniuliza jina la huyo dobi.

Barua ilikuja baada ya wiki tano. Sikwenda nyumbani kwanza, nilikwenda chumba cha meza ndefu. Mama Mashuka alifuta mikono kwenye aproni, akaisoma barua kwa kidole, neno kwa neno, mpaka kwenye muhuri. Akanirudishia. Akachukua shuka kwenye toroli, akanirushia pembe mbili.

Tulirudi nyuma mpaka likakaza. Nilitaka kumwambia asante, maana hakuna neno nililowahi kudaiwa kama hilo, nikamtazama usoni. Ndipo nilipoona kwamba yeye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, anatazama chini, na mabega yake yanatikisika.

"Mama," nikasema, "kuna nini kwenye miguu yangu?"

Akacheka huku analia, akainua uso, tukasogeleana.