Kadi Saba za Saa Sita na Dakika Arobaini

Nitaanza na aibu yenyewe ili mcheke mapema, mkifika katikati mniache nipumue: mimi ndiye yule mtu aliyekwenda kuposa mtaa wa Kinanira akiwa na ushahidi kwenye bahasha. Wenzangu huenda na vinywaji na maneno matamu, mimi nilikwenda na vinywaji, maneno matamu na karatasi saba nilizozipanga vizuri, kwa sababu nilikuwa nimefikiria sana (na mimi nikifikiria sana ndipo mniogope).

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, diploma yangu ya hisabati imelala kwenye kabati la Tantine Goreti, dada ya baba yangu ambaye nilikuwa nikiishi kwake, na kazi niliyoipata ilikuwa kwa Hadji, mfanyabiashara wa mtaa wa Asiatique aliyeuza vitenge upande wa mbele wa duka na kuweka kompyuta nne upande wa nyuma. Laini ya intaneti ilikuwa ghali tena inakatikakatika, kwa hiyo wateja wengi hawakukaa kwenye kompyuta hata kidogo. Kila familia ilikuwa na sanduku lake la barua pepe kwenye mashine yetu, mimi nazivuta barua zote kwa pamoja, nazipiga kwenye karatasi, na mtu anapita kuchukua karatasi yake kama anavyochukua mkate. Karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wake nje, na karatasi hizo ndizo zilizotuambia nani yuko hai, nani amejifungua, nani bado anangoja makaratasi.

Shida ilikuwa viungo, yaani zile anwani ndefu za mtandao ambazo mtu anabonyeza ili aone picha. Kwenye karatasi hubonyezi kitu. Bibi mmoja alitumiwa picha za harusi ya mwanawe, akaja ameweka kidole juu ya ule mstari wa herufi, akaniambia, "Mutoto wangu, harusi iko humu ndani, unitoleye." Nilipokwenda kuifungua, ukurasa ulikuwa umeshaondolewa. Yule bibi alikunja karatasi yake vizuri sana akairudisha kwenye mkoba, na mimi sikulala wiki nzima.

Basi nikatengeneza programu ndogo, isiyo na picha wala vitufe, unaiandikia amri kwenye skrini nyeusi, unabonyeza Entrée, nayo inapita ndani ya barua, inachomoa kila kiungo, inakifungua na kuhifadhi ukurasa ili mteja auone akija. Niliipa jina Chomoa. Katika amri hiyo unatakiwa kutaja masanduku unayotaka yapekuliwe, na hapa ndipo penye uamuzi wangu mdogo uliozaa yote. Niliona nikianza kuchagua huyu na kumwacha yule nitaonekana nabagua watu (mnajua miaka ile ilivyokuwa), kwa hiyo badala ya majina nikaandika alama moja tu, nyota, ambayo kwa kompyuta maana yake ni "yote". Nikabonyeza Entrée, Jumatano, saa sita na dakika arobaini, nikaenda kula maharagwe yangu nikijisikia mtu wa haki.

Sasa lazima niwaambie kuhusu Nadine. Nadine alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kila Ijumaa alikuja kuchukua barua za kaka yake aliyekuwa Kanada, na mimi nilikuwa nampenda tangu msimu wa mvua bila kuweza kumwambia kitu zaidi ya "karatasi yako hii". Nikagundua tovuti moja inayotuma kadi: unachagua picha, unaandika maneno yako, jina lako linakuwa ndani ya kadi, na yule unayempenda anapata barua yenye kiungo tu. Akikifungua, wewe unaletewa taarifa. Nilimtumia saba, moja kila wiki. Na barua za kadi hizo, jamani, ni mimi mwenyewe niliyezipiga kwenye karatasi na kumpa mkononi! Nilikuwa naomba Mungu aseme, "Hebu nifungulie hiki kiungo nione," lakini yeye alikunja, akasema asante, akaenda.

Niliporudi kutoka kwenye maharagwe, Chomoa ilikuwa imemaliza, na kwenye sanduku langu nikakuta taarifa saba. Votre carte a été ouverte. Kadi yako imefunguliwa. Mara saba! Nilikaa chini. Chini kabisa, sakafuni. Kila taarifa ilikuwa na saa, na zote zilisema Jumatano, saa sita na dakika arobaini, na msinidharau, jambo hilo nililiona. Nililiona na nikalifikiria mchana kutwa, nikapata maelezo: amefungua ya kwanza, moyo ukamshinda, akafungua zote kwa pupa. Mtu mwenye diploma ya hisabati.

Jioni nikamwuliza Tantine swali dogo tu, la jumla, kama mtu anavyouliza bei ya nyanya: msichana akifungua barua saba za mvulana kwa dakika moja, maana yake nini?

"Saba? Mara moja?"

"Dakika moja, Tantine."

"Uyo mutoto anakupenda mpaka anaogopesha. Jumapili tunafika kwao."

"Tantine, mi niliuliza tu."

"Na mi nimejibu tu."

Kufika Ijumaa Hadji naye alikuwa ameshaambiwa na ameshajitolea kuwa msemaji, kwa kuwa anajua kusema na kwa kuwa, kama alivyosema, mkwe wa Kinanira ni heshima kwa duka. "We injinia," alicheka, "unafungulia watu wote barua zao, kumbe zako zinafunguliwa pembeni!" (Hakujua alivyokaribia ukweli.) Ijumaa hiyo hiyo Nadine hakuja kuchukua barua. Nikalifikiria na hilo, nikaamua anaona haya.

Jumapili baada ya misa tulipanda Kinanira, Tantine na kitambaa kipya begani, Hadji na kanzu nyeupe, mimi na kreti ya soda na bahasha. Baba yake Nadine alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu, mtu wa miwani yenye kamba, akatukaribisha vizuri, tukakaa, tukaulizana habari za usalama. Hadji akasema kwa dakika ishirini. Alimaliza hivi: "Kijana wetu alibisha kwenye mulango mara saba, na binti yenu alifungua mara saba. Sisi tumekuja kushukuru kwa uyo mukono uliofungua."

"Saba," alisema mzee. "Nadine! Kuja kidogo."

Akaingia, mikono ina unga. "Bonjour Hadji. Bonjour Maman." Halafu akaniona. "We pia? Kuna barua ya kaka?"

"Uyu kijana alikuandikia kadi saba, ukazifungua zote," alisema baba yake. "Ni kweli?"

"Kadi gani, Papa?"

Hapo mtu mwenye akili angemwaga soda, angezimia, angefanya chochote. Mimi nilifungua bahasha. Nadine akaziangalia karatasi zangu, akaingia chumbani, akarudi na karatasi zake. "Munasema barua za hii tovuti? Mi nilizania ni réclame, matangazo ya biashara tu. Lakini karatasi ni nzuri, nyuma iko nyeupe." Nyuma ya mapenzi yangu kulikuwa na hesabu za kuzidisha za darasa la tatu.

Mzee akavaa miwani, akageuza karatasi ya kwanza, akasoma ule mstari kwa sauti, kwa ukamilifu, kama anasoma hukumu. "Hashi, te, te, pe. Nukta mbili, moja juu ya ingine. Mustari umelala. Mustari ingine umelala. Ve, ve, ve, nukta..."

Tantine alikuwa ameweka mkono kifuani, anasubiri. "Papa Nadine," aliuliza polepole, "mapenzi inaanza wapi?"

"Bado," alisema mzee, akaendelea mpaka herufi ya mwisho. Kisha akachukua taarifa zangu saba, akazipanga magotini. "Zote mercredi, saa sita na dakika makumi ine. Nadine, mercredi saa ile ulikuwa wapi?"

"Kwenye masomo, Papa. Directrice alitushika réunion, mukutano wa walimu, mpaka saa nane."

Hadji akanigeukia taratibu sana. "Injinia. Mercredi si ile siku uliniambia umefungua viungo vya wateja wote?"

"Ndiyo, Hadji."

"Saa ngapi?"

"Ni mimi," nilisema. "Mashine ilizifungua. Niliweka nyota."

Mzee akavua miwani. "Nilikaa tribunal miaka mingi, niliona watu wa kila aina. Lakini mutu anajiandikia, anajifungulia, anajijibu, kisha analeta wazee kushukuru? We ni wa kwanza."

Tantine, bila kumwangalia mtu, akaanza kuivuta kreti ya soda kwa mguu kuirudisha chini ya kiti chake. Nilisimama kuaga, na hapo hapo milio ya silaha ikaanza mlimani, kwanza mbali, halafu si mbali. Kila nyumba ilikuwa na mahali pake pa kukimbilia, na ya kwao ilikuwa korido. Tukakaa wote sakafuni, migongo ukutani, mimi magoti kwa magoti na msichana niliyejijibu kwa niaba yake, na hakuna njia ya kwenda nyumbani.

Tulikaa muda mrefu. Hadji alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini, Tantine ameshika rozari. Mlio mmoja ulipotikisa madirisha, Nadine akajifuta unga wa mikono kwenye sketi. Akasema, nadhani ili asisikilize nje, "Basi sema. Zilikuwa zimeandikwa nini?"

"Hapa?"

"Unataka kunitumia kiungo?"

Baba yake alikohoa. Nikasema, kadi kwa kadi, kwa mdomo wangu, mbele ya karani wa mahakama. Ya kwanza ilikuwa na sungura anayepiga ngoma (alicheka). Ya tatu nilimwambia mwandiko wake unaegemea kushoto kama mtu anayesikiliza. Ya saba haikuwa na kitu kikubwa, niliandika tu kwamba kila Ijumaa naondoa kile kiti kilichobeba feni ya kupoza kompyuta na kukiweka pale anaposubiria, ili asipate joto.

Nadine akanigeukia. "Kumbe ni we unaweka kile kiti?"

"Ni mimi."

"Kadi sikuziona. Kiti nilikiona. Nilizania Hadji anakiweka kwa wateja wote."

"Mimi?" alisema Hadji katikati ya dua. "Mimi nilikuwa natafuta mwizi wa ile feni."

Tuliondoka milio ilipotulia, haraka, kabla ya saa ya kujifungia, maana usiku ilikuwa marufuku kutembea. Mlangoni mzee alinirudishia bahasha yangu. Soda akabaki nazo. "Mutarudi," alimwambia Hadji. "Ila uyu aseme mwenyewe, na asilete karatasi."

Tulirudi baada ya miezi mitano, nikasema mwenyewe, vibaya, lakini nilisema. Chomoa niliitumia miaka mingine mingi na watu wengi waliona wajukuu wao kwa msaada wake, ila niliapa, na kiapo nimekishika: nyota siiweki tena, nataja sanduku moja moja kwa jina lake, na langu na la Nadine hayamo. Hainisaidii sana. Hadi leo nikimwandikia Nadine ujumbe nikiwa kazini, nikarudi nyumbani na kumwuliza kama ameufungua, hanijibu ndiyo wala hapana. Anaendelea kupika, ananiambia, "Sijui, bwana. Angalia saa."